Mti wa Mpaka Ndani ya Bidoni

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Leo Madame Victoire ametangaza safari. Sisi wa mwaka wa kwanza wa Masomo ya Dunia tutatoka Butembo, tutapita Beni, tutakwenda kuona jinsi zao la kijijini linavyofika ng'ambo. Kila kikundi kipendekeze zao na mahali. Vijana wamepiga makofi kwa ajili ya minibasi. Mimi nimefungua daftari, nikaandika. Zao: kakao. Mahali: Mbau. Shamba: langu.

Watu wanadhani nimeingia chuo uzeeni kwa kupenda elimu. Padri amenitaja hata kanisani, kama mfano kwa vijana wavivu. Elimu naipenda, sikatai. Nimefundisha shule ya msingi ya Mbau mpaka siku tulipokimbia mashambulizi, na vitabu ndivyo vilivyonishika mkono miaka hii yote huku Mususa, mtaa wa Butembo. Lakini nilijiandikisha kwa sababu ya maneno machache kwenye tangazo la chuo: safari ya utafiti, barabara ya Beni. Mzee aliyehama, akirudi Mbau peke yake, huulizwa maswali kwenye kila kizuizi, halafu hurudishwa. Nimeshajaribu. Chuo kikienda na barua yenye muhuri, kitapita. Na mimi nitapita ndani yake, kama punje ndani ya gunia.

Kule kuna kakao yangu. Kule kuna Élise. Nilimzika mke wangu mwisho wa shamba, penye miti ya mpaka, mahali alipozoea kukaa akichoka kupalilia. Kabla udongo haujakauka vizuri, tukakimbia. Sijaliona kaburi tena.

Tatizo ni Zorobabel Kitsa. Shamba lake linapakana na langu kule Mbau. Huku Mususa nyumba yake inatazamana na yetu. Nilipojiandikisha, naye akajiandikisha, kwa sababu alisikia kwamba chuo huchora ramani. Anadai mti mmoja wa mpaka uliofia pale ulikuwa upande wangu zaidi. Kwa hesabu yake, Élise ameweka miguu kwangu na kichwa kwake. Alisema hivyo siku ya matanga, akiwa na sahani ya maharagwe mkononi. Sijamsamehe.

Darasani tunakaa benchi moja. Mengine ni mafupi, magoti yetu hayaingii. Amechora mstari wa chaki katikati ya benchi. Leo umesogea upande wangu. Nimeufuta kwa kiwiko nikachora wangu.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Somo: ramani ya dunia. Madame Victoire ameiangaza ukutani. Bahari, mabara, njia za meli. Butembo ni nukta. Beni ni nukta. Nikanyoosha mkono nikauliza Mbau iko wapi. Akasema kwa upole kwamba kwa kipimo hiki vijiji havionekani. Nikasimama, nikaenda mpaka ukutani, nikaweka kidole juu kidogo ya Beni. Mwanga ukaniangukia mkononi. Nimebaki pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Darasa likaanza kukohoa.

Zorobabel akasema kutoka benchini kwamba kidole changu kimeingia shambani kwake.

Kicheko kikubwa. Nimerudi kukaa.

Mpango wa kwanza umeanza. Vikundi vitampigia kura kiongozi, na kiongozi ndiye atakayechagua mahali. Nimenunua avoka sokoni, nzito, za kutoka Lubero, nikawagawia vijana wa kikundi changu saa ya mapumziko. Wamekula kwa shukrani. Wameniita Koko, yaani babu. Nimewaeleza uzuri wa Mbau kwa utafiti. Wakatikisa vichwa, midomo imejaa.

Jioni, Kavuo, binti yangu ninayeishi kwake, ameuliza pesa ya chumvi imekwenda wapi. Nikamwambia ni gharama za masomo. Akasema: "Papa, unasoma dunia muzima, lakini Mbau tu inakushinda."

Alikuwa anafua wakati huo. Akasukuma bidoni langu kwa mguu, kwa sababu liko kwenye njia yake. Nimemwomba aliheshimu.

Bidoni hilo lilikuwa dumu la mafuta ya mawese. Nimelikata juu, nikatia udongo, na ndani yake umo mti wa mpaka. Siku ya kukimbia nilivunja kijiti kimoja pale karibu na Élise. Wengine walibeba magodoro. Kwetu mti huu haupandwi ovyo. Ukichomeka kijiti ardhini kinashika, na kikishika umesema mbele ya watu wote: langu linaishia hapa. Aliyeupanda kwa mkono wake hawezi tena kudai kilichoko ng'ambo yake. Ndiyo maana sijaupanda Mususa. Nikiupanda hapa, nimekubali kwamba hapa ni kwangu. Kwa hiyo unaishi bidoni, umepinda kidogo, unatazama ukuta wa jirani.

Siku ya safari nitauchukua. Nitaupanda mbele ya kichwa cha Élise, mwalimu wa chuo akishuhudia. Zorobabel atasema nini tena?

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Kura. Aibu.

Kumbe Zorobabel alipita kwa vijana wale wale na mananasi. Wakala avoka zangu, wakala mananasi yake, halafu wote wakampigia kura Shalom, chef wa promotion, yaani kiongozi wa darasa, ambaye hakuwapa hata pipi. Nilimuuliza kijana mmoja dhamiri yake iko wapi. Akajibu kwa adabu kabisa: "Koko, tulikula kwa wote wawili, tungechagua nani bila kuumiza mwingine?"



Lakini Mungu hakuniacha. Shalom, ambaye ni msichana mwenye akili na haraka, amesema kakao ni zao zuri, na Mbau inafaa, barabara ikiruhusu. Nikataka kumbusu mkono. Halafu akaongeza kwamba kwa kuwa sisi wazee wawili tunalijua eneo, tutachora ramani ya shamba la mfano. Pamoja. Karatasi moja.

Zorobabel akauliza shamba la mfano ni la nani. Nikajibu kabla Shalom hajafungua mdomo. Zorobabel naye akajibu. Shalom amefunga daftari lake. "Bazee, ile shamba, leo nyani ndio banaikula. Muchore tu."

Jumanne, tarehe 14 Mei

Tumechora leo, kwangu, juu ya meza ya Kavuo. Zorobabel alikuja na penseli mbili, moja ya kuchorea na moja, alisema, ya kusahihisha makosa yangu.

Mpango wangu ulikuwa kushika penseli mimi, kwa kisingizio kwamba macho yake ni mabaya. Kweli ni mabaya. Lakini amevaa miwani ya mke wake.

Tulianza na barabara ya Oicha. Hakuna ugomvi. Kijito. Nilikichora kinapinda kushoto baada ya jiwe. Akasema ndiyo, baada ya jiwe ambapo akina mama walikuwa wanafulia. Akaongeza mti wa avoka wa marehemu baba yake. Nikamkumbusha kwamba ulipigwa na radi, umebaki nusu. Akafuta nusu. Nikachora kibanda cha kukaushia kakao. Akasema mlango ulitazama huku, siyo kule. Alisema kweli, nimesahihisha. Akauliza kama nakumbuka harufu ya kakao ikichacha chini ya majani ya ndizi, asubuhi, kabla jua halijatoka. Nikasema naikumbuka.  Alikuwa ameishika penseli hewani kama mtu aliyesahau neno.

Nilidhani hakuna mtu Butembo anayejua kwamba mlango ule ulitazama mashariki. Kavuo alikuwa mdogo, hakumbuki. Jirani zangu wa hapa wakisema "Mbau" wanasema kama wanataja habari ya redio.

Halafu tukafika kwenye mpaka.

Sitaandika yote tuliyosema. Karatasi imepasuka pale pale, kwenye mpaka. Kavuo ametoka jikoni na mwiko, akauliza kama nasi tumeanza vita yetu. Akatupa, sisi wazee wa taifa, kila mtu kipande chake, akatufungulia mlango, mimi pia, ingawa naishi mle.

Tumesimama nje, kila mmoja na nusu ya Mbau mkononi. Yangu ina kijito. Yake ina barabara.

Ijumaa, tarehe 17 Mei

Mtihani mdogo. Swali la Madame Victoire: Eleza kwa mfano kwa nini mipaka ya dunia ni matokeo ya mapatano ya watu.

Nimefurahi. Nimeandika kurasa nne. Nilianza na wakoloni kugawana Afrika mezani, sentensi mbili, nikaingia Mbau. Nimethibitisha kwamba mpaka wa kweli haupatani na mtu yeyote, upo tu, na kwamba ule wetu unapita mbele ya kichwa cha marehemu, siyo shingoni. Nimeambatanisha mchoro.

Mchana Madame Victoire ametuita ofisini, mimi na Zorobabel. Juu ya meza karatasi mbili. Michoro miwili. Kijito kile kile, jiwe lile lile, avoka ya nusu, kibanda na mlango wake. Akauliza nani ameiga kwa mwenzake. Tukajibu kwa pamoja: yeye.

Madame Victoire alizisogeza karatasi pamoja. Ni mwanamke mpole, mwili mdogo, sauti haipandi. Akasema amefundisha miaka mingi na hajawahi kuona watu wawili wakikubaliana sana hivyo na kuapa kwamba hawakubaliani. Akatupa wote saba juu ya ishirini. Akasema swali liliuliza mipaka ya dunia, siyo ya kichwa cha mama wa watu.

Zorobabel akamweleza kwamba kwetu ni kitu kimoja. Nilitaka kumuunga mkono. Nimejizuia kwa wakati.

Jumatatu, tarehe 20 Mei

Safari ni kesho. Mpango wa mti uko tayari. Nitaufunika kwa shati kuukuu, nikiulizwa nitasema ni sampuli ya mimea. Vijana wanabeba makompyuta na hakuna anayewauliza.

Kavuo ameshika bidoni akaligeuza. Mizizi imejaa chini, inasukuma plastiki. Akasema mti unakufa kwa kubanwa, nimwache aupande pale pembeni ya jiko, atauangalia vizuri. Nikasema hapana. Akasema, "Papa, ni miaka mingi." Nikasema najua. Akasema yeye ameolewa hapa, amezaa hapa, watoto wake wakiulizwa kwao ni wapi wanasema Mususa, na hilo si kosa lao. Hakupandisha sauti. Alikuwa anapukusa mahindi, hakuacha kupukusa.

Nikamwambia mama yake yuko kule peke yake.

Akaacha kupukusa. Kisha akaniletea shati lenyewe, ameshalifua.

Jumanne, tarehe 21 Mei

Naandika kwa mkono uliochoka. Lakini niandike kwa mpangilio.

Tumetoka asubuhi na minibasi ya kukodi. Nimekaa na bidoni magotini. Zorobabel alikaa pembeni yangu kwa sababu hakuna kiti kingine, akaimba nyimbo za kanisa lake njia nzima. Mimi Mkatoliki, nimevumilia. Beni tumeona bohari ya kakao. Magunia mpaka darini. Vijana wakamuuliza meneja maswali kuhusu bei na bandari. Mimi nimeingiza mkono ndani ya gunia lililofunguliwa. Punje kavu. Nikanusa vidole. Shalom aliniona, akageuka kutazama kwingine, kwa heshima.

Mavivi, karibu na uwanja wa ndege, wakatusimamisha. Madame Victoire alishuka na barua na muhuri. Tukamwona akiongea na askari, akionyesha karatasi, askari akitikisa kichwa. Msafara wa magari yanayosindikizwa na jeshi kwenda Mbau na Oicha hautatoka leo. Magari ya mizigo yalikuwa yamejipanga, madereva wamelala chini yake. Chuo kimerudishwa kama mzee wa kawaida.

Vijana wakashuka kupiga picha na ndege ndogo iliyokuwa inatua. Safari yao ilikuwa imekamilika: zao, bohari, ndege. Mimi nikachukua bidoni, nikatembea hadi kizuizini. Nikamwambia askari kwamba mimi ni mwalimu mstaafu, nina kazi ndogo tu, nikaonyesha mti. Alikuwa kijana, macho mekundu kwa vumbi. Akautazama mti, akanitazama mimi. "Vieux, lelo te." Mzee, siyo leo. Hakusema vibaya. Afadhali angesema vibaya.

Nikakaa juu ya jiwe kando ya barabara. Barabara ile ile. Ukiifuata tu inakufikisha. Sikujua Zorobabel amekuja nyuma yangu mpaka alipoacha kuimba.

Alikaa. Jiwe halikututosha. Hakuchora mstari.

Akauliza huo mti nilitaka kuupanda wapi. Nikasema anajua wapi.  Kisha akasema, akitazama barabara na siyo mimi: "Pale kuko mwingine."

Nilimuuliza mwingine gani.

Akaeleza taratibu. Msimu ule wa utulivu mdogo, alipotoweka wiki nzima akatuambia yuko kwa dada yake Lubero, hakwenda Lubero. Alipanda lori la wanunuzi wa kakao, akafika Mbau. Shamba lake limekuwa msitu, langu pia. Alichuma alichoweza. Kisha akaenda mpaka mwisho, akang'oa majani juu ya kaburi, akarudishia mawe yaliyoanguka. Na kabla ya kuondoka akakata kijiti, akakipanda hatua moja ng'ambo ya kichwa cha Élise. Upande wake yeye. Kwa mkono wake.

Nilielewa kabla hajamaliza. Mtu yeyote wa kwetu angeelewa. Kaburi lote liko kwangu, kichwa na miguu. Kesi iliisha misimu miwili iliyopita, na mimi nimeendelea kuipigania peke yangu, kwa avoka na kurasa nne za mtihani.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

Akavua miwani ya mke wake, akaifuta kwa shati. "Ningekuambia, ungenyamaza. Na ukinyamaza, mimi nitagombana na nani juu ya Mbau? Hapa Butembo batu hawajue hata jina ya kijito yetu."

 Kule mbele kuku alivuka barabara, akapita chini ya kamba ya kizuizi, akaenda zake upande wa Mbau. Tukamtazama wote wawili mpaka akapotea majanini.

Kisha nikamuuliza kama mti umeshika. Akasema aliuacha na jani moja jipya. Nikauliza mawe ni yale meupe. Akasema ni yale. Nikauliza na yale, na hili, na lile, na alijibu kila kitu, mpaka Shalom akaja kutuita.

Kurudi, alishika bidoni yeye. Nililala begani mwake. Sitaki lijulikane.

Jumamosi, tarehe 27 Julai

Matokeo yamebandikwa. Nimeshindwa. Zorobabel ameshindwa. Kati ya darasa zima ni sisi tu na kijana mmoja aliyekwenda kuoa.

Madame Victoire ametuita tena. Akasema kuna mtihani wa pili Septemba, tunaweza kuokoka, wazee wenye kumbukumbu kama zetu. Nikamuuliza wa mwaka wa pili wanakwenda wapi kwa safari. Akasema Kasindi, mpakani na Uganda, kuona forodha. Nikamuuliza wa mwaka wa kwanza mwakani. Akasema barabara ya Beni, kama kawaida.

Nikamshukuru. Nikamwambia sitaufanya mtihani wa pili.

Zorobabel, nje, akaniambia naye hataufanya. Kavuo, aliposikia, aliweka sahani mezani akakaa chini. Akauliza mwaka mzima huu tumejifunza nini. Nimemwambia mengi, lakini ni magumu kueleza kwa mtu ambaye hakusoma Masomo ya Dunia.

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Siku ya kwanza, mwaka wa kwanza, mara ya pili. Vijana wapya wakasimama nilipoingia, wakidhani ni profesa. Nimewaacha wadhani hivyo mpaka nilipokaa.

Bidoni limepasuka likizoni, mizizi imetoka pembeni. Kavuo akasimama na jembe, akasubiri niseme neno. Nimemwomba anikopeshe lile basani lake kubwa la kufulia. Mti umepumua, umetoa jani. Yeye sasa anafulia kwa jirani, na salamu zake asubuhi ni fupi.

Mpango wa mwaka huu ni mwepesi. Barua yenye mihuri miwili badala ya mmoja, na nanasi kwa kila mwanafunzi.

Nilifika mapema kushika benchi letu. Kuna jambo limeninyima usingizi tangu Mavivi. Zorobabel alisema amepanda mti hatua moja mbele ya kichwa cha Élise. Hatua ya nani? Miguu yake ni mifupi, kila mtu anajua. Hatua moja yangu ingefika mbali zaidi, penye kivuli cha jioni, mahali ambapo Élise aliweka kikapu chake.

Alipoingia, nilikuwa nimeshachora mstari benchini, umesogea kidogo upande wake. Akautazama. Akatoa chaki mfukoni. Alikuwa nayo tayari.